Kwa Sasa

Siku ya tisa tangu turudi Lang'ata
nimemkuta Mshai chini ya meza,
simu yangu sikioni, viatu vya shule miguuni,
na ni Jumapili.
Anampigia babu yake.
Yule mwanamke wa simu, asiyezeeka, asiyechoka,
anamjibu kwa upole wa watu wasiotujua:
mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.
Mshai anaitikia kwa kichwa, anakata.
"Amesema kwa sasa," ananieleza.
"Nitajaribu tena baada ya chai."

Nani wa kulaumiwa kama si sisi?
Shangazi Wakesho alimwambia babu amesafiri,
naye akauliza mbona sanduku lake liko juu ya kabati.
Jirani akasema amelala,
na tangu hapo mtoto halali,
hukodoa macho gizani kama mlinzi wa benki,
hunigusa pua saa nane za usiku
kujua kama bado napumua.
Mchungaji akasema Mungu alimpenda zaidi.
"Zaidi yangu?" Akaweka kijiko chini.
Na mimi, mama yake, nilisema ametutoka.
Akapeleka ulimi penye pengo la jino,
akaanza kusubiri babu aote tena.

Lugha yetu ina adabu nyingi kwa marehemu:
huaga, hutangulia, hupumzika.
Kufa tumewaachia kuku
na betri za tochi.

Nikaingia chini ya meza, magoti yakalia.
"Mshai, babu amekufa."
Neno likaanguka kama sufuria kwenye saruji,
nikangoja mlio wake uishe.
"Kama betri?"
Kama betri.
"Zile za redio tulikuwa tunazianika dirishani."
Najua.
"Zinaimba tena kidogo.
Tungemwanika?"

Nje, mnunuzi wa vyuma kuukuu alipita akiita,
akazunguka nyumba zote za Jericho,
akarudi, bado sijapata jibu.
Nikamuuliza: zikishaimba kidogo, halafu?
Alifikiri sana.
"Halafu zinakataa. Hata jua likiwa kali."
Ndiyo, mama. Jua halimwezi.

Kisha yakaja maswali, moja juu ya jingine:
Anasikia baridi? Hapana.
Miwani anayo? Iko kwenye droo, njoo uione.
Nani atanikata kucha? Mimi.
"Wewe unakata mpaka nyama."
Basi utanifundisha alivyokuwa akikata yeye.
"Na wewe utakufa?"
Hapo nilitamani kukimbilia neno lenye kanzu,
neno la matangazo ya redio.
Nikasema: ndiyo, siku moja. Nadhani si karibuni.
Leo nimeinjika maharagwe,
na nataka kuyala nawe.

Ndipo akalia.
Kwetu mtu huambiwa nyamaza
kabla chozi halijafika shavuni.
Sikusema nyamaza.
Niliacha lifike, lipite, lilowanishe kola,
nikalia langu pembeni yake,
vichwa vyetu vikigonga mbao
kila tulipovuta pumzi.
Maharagwe yaliungua. Tuliyala hivyo hivyo.

Jumatatu tulifika barabara ya Rabai,
akanivuta mkono:
"Si hapa. Babu huvukia kwa yule fundi wa viatu—"
Akasimama. Ulimi penye pengo.
"Babu alikuwa anavukia pale."
Tukavukia pale.
Fundi aliinua sindano kutusalimu,
akatazama nafasi iliyo upande wa kulia wa mtoto,
akainamia kiatu chake.

Jioni aliomba simu.
Niliogopa, nikampa.
Akamsikiliza yule mwanamke hadi mwisho,
hata kile Kiingereza chake,
kisha akaizima, akanirudishia kwa mikono miwili.
"Bado anasema kwa sasa," akaninong'oneza.
"Maskini.
Hakuna aliyemwambia."